Hotuba ya Baba wa Bibi Harusi

"Mwambie asije kama hana mpango wa kuongea," Bernie aliniambia, huku akiendelea kukata limau jikoni kwangu kana kwamba anasoma taarifa ya hali ya hewa. "Simtaki Amosi kwenye harusi yangu. Sikumwalika Amosi. Namtaka baba. Aje na mdomo wake, asimame, atoe hotuba kama baba za watu wengine. Kama hawezi, abaki hukohuko jangwani na reli yake."

Huyo ni binti yangu Bernadette, na wala sikumlaumu. Baba yake, Vernon Pacholski, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Vern Pascoe, alikuwa katikati ya sinema ambayo ndani yake ni Amosi, mfanyakazi wa reli aliyepoteza sauti kwenye ajali. Na Vern akishakuwa Amosi, basi ni Amosi asubuhi, Amosi mchana, Amosi mpaka msalani. Hakuwa ametoa neno tangu Krismasi ipite. Sasa tulikuwa mwisho wa Aprili, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Kosa halikuwa la mtu. Sinema ilitakiwa iwe imekwisha Machi. Ikanyesha mvua jangwani, ile mvua inayokuja mara moja watu wakasahau, ikazoa reli yao ya bandia pamoja na karavani kadhaa, wakaanza upya. Harusi nayo ilishapangwa, kadi zilishatumwa, na mama yake Rubén alishawakusanya majirani zake wa Fresno kumsaidia kufunga tamale, ile mikate ya mahindi ya Kimeksiko inayopikwa ndani ya majani. Rubén ndiye bwana harusi, daktari wa mifugo, kijana mpole kiasi kwamba mwanzoni nilimshuku.

Ngoja niseme kwanza jinsi Vern alivyofanya kazi, maana walioandika vitabu juu yake wameandika kwa heshima mno, na hakuna hata mmoja aliyemfulia soksi. Alipokuwa bondia, aliruka kamba sebuleni alfajiri mpaka jirani wa chini akahama. Alipokuwa mwokaji mikate, tulikula mikate iliyoungua majira yote ya baridi. Alipokuwa padri, wanawake walimfuata dukani kumwungamia dhambi zao, naye akawasikiliza, na mmoja wao hadi leo ananitumia kadi ya Krismasi. Kazini hakuna aliyeruhusiwa kumwita Vern. Ukimwita Vern, hageuki. Mwongozaji, mpiga kamera, mama wa chakula, wote walimwita kwa jina la yule anayemwigiza, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Watu wa sinema waliupenda utaratibu huo kuliko mshahara. Ulikuwa unawafanya wajione wanahudumu kanisani.

Bernie alizaliwa baba yake akiwa sajini wa jeshi. Vern alikuja hospitali, akakakamaa mlangoni, akapiga saluti. Wauguzi walicheka mpaka wakatokwa machozi. Mimi nilitokwa machozi bila kucheka.

Mtoto alipoanza kuelewa mambo, kila asubuhi alisimama kwenye ngazi na kuuliza, "Mama, leo baba ni nani?" Nami namjibu: leo ni mwizi wa benki, usimguse bega kwa nyuma. Leo ni mwalimu wa muziki, nenda tu. Mwaka mmoja jibu lilikuwa Tolliver. Tolliver alikuwa mkulima wa Kentucky aliyefiwa na mke akabaki na watoto wengi, na ndiye aliyempa Vern ile tuzo ya sanamu ya dhahabu ambayo waigizaji wa huku kwetu wanauana kwa ajili yake. Tolliver alisuka nywele za Bernie. Tolliver alitengeneza baiskeli, alisimulia hadithi, aliimba akiosha vyombo. Ulikuwa mwaka mtamu kuliko yote nyumbani kwetu. Kisha sinema ikaisha, Tolliver akaondoka, na mwanangu akaomboleza kama aliyefiwa. Alikuwa na miaka sita.

Maana kati ya sinema na sinema Vern alikuwa Vern, na Vern hakuwa na maneno. Ndiyo. Hapana. Chumvi. Alijifungia gereji akipiga randa mbao zake. Nikimuuliza jambo, anatikisa kichwa. Nikigomba, anaondoka. Waandishi wa habari wakitaka kuzungumza naye, anasubiri mpaka apate sinema nyingine, kisha anawajibu kwa sauti ya bondia au ya padri, nao wanaandika kwamba huyu ni mtu wa ajabu. Mimi niliona ni dharau tupu. Nilijiona nimeolewa na mtu anayewapa watu wa kwenye karatasi maneno yake yote, sisi wenye damu anatubakizia makombo. Bernie alipofika miaka tisa nilichukua mtoto na masanduku. Mimi nami nilikuwa mwigizaji; kazi hiyo niliiacha palepale, nikaanza kuuza nyumba huku Altadena, kazi ambayo ina uongo wake pia, lakini jioni unaruhusiwa kuuvua.

Kwa hiyo Jumatano ile, nikiwa na masharti ya binti yangu, niliendesha gari mpaka jangwani. Niliwakuta kwenye reli yao mpya, jua kali, vumbi mpaka kwenye meno. Msichana mwenye redio kiunoni, msaidizi wa mwongozaji aitwaye Kirsten, akanikimbilia.

"Samahani mama, Amosi yuko kwenye maandalizi."

"Mimi namtafuta Vern."

Akaangalia nyuma kama nimetukana mbele ya mchungaji. "Hapa hatumwiti hivyo, mama."

"Binti, mimi nimezaa naye. Nitamwita ninavyotaka."

Mwongozaji mwenyewe akaja, Sheldon Lindquist, kofia kubwa, mikono imeshafunguka kunikumbatia. "Nadine! Umekuja kuona muujiza? Miezi minne! Hata chafya yake haina sauti!"

"Sheldon, mtoto wake anaolewa Jumamosi."

"Najua, najua, nimempa siku nzima, nami nimealikwa, nitakuja na suti mpya. Ila nakuomba, usimtoe. Tumebakiza ile sehemu ya darajani. Akitoka sasa sijui kama atarudi."

"Nisimtoe wapi? Kwani yeye ni keki, yuko ndani ya oveni?"

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Sinema yote ilikaa juu ya ukimya wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekaa peke yake juu ya rundo la mataruma ya reli, ovaroli imejaa grisi, ndevu za kijivu hadi kifuani. Nikamwendea. Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia kwamba binti yake hajaomba gari wala nyumba, ameomba baba asimame mbele ya watu aseme maneno mawili matatu, jambo ambalo wauza samaki na mafundi bomba wa nchi hii wanaliweza kila Jumamosi. Nilimwambia aje akiwa Vern au asije kabisa. Alinitazama tu. Ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa.

Mwishoni aliinua mkono, akaweka kiganja kwenye koo lake, akatikisa kichwa polepole. Machozi yakamtoka. Machozi ya Vern nilishayaona kwenye vioo vikubwa vya sinema mara nyingi mno, kwa hiyo hayakunishtua. Nikajua huyo ni Amosi, mtu asiye na sauti, na nikatamani kumzaba kofi.

"Basi mwambie Amosi wako," nikasema, "kwamba harusi ni saa tisa mchana, nyumbani kwangu, na yeye hajaalikwa."

Nikarudi mjini na hasira zangu. Bernie aliponiuliza, nilimwambia nimemfikishia. Akaendelea kupanga glasi. Lakini usiku nilimsikia akimwambia Rubén kwenye simu, "Asipokuja itakuwa ndiyo jibu. Sitamngoja tena." Alisema kwa sauti ya mtu anayefunga duka lisilo na wateja, na roho iliniuma.

Ijumaa wifi yangu Wanda aliwasili kutoka Buffalo, kwao kwenye theluji, dada mkubwa wa Vern, mpishi mstaafu wa shule, na sanduku lililojaa soseji kana kwamba California hakuna nyama. Nilipoachana na Vern sikuachana na Wanda. Tulikuwa tunatandika vitambaa vya meza bustanini aliponiuliza, "Na Vern je, watampa nafasi ya kukaa tu?"

"Akae tu? Anatoa hotuba, wifi. Ndiyo masharti ya Bernie."

Akaacha kitambaa kikaanguka. "Mbele ya watu wote hao? Kama nani?"

"Kama yeye mwenyewe. Safari hii hakuna kujificha."

"Nani kampa mtoto wazo hilo?" Akafanya ishara ya msalaba, na alitaka kusema jambo, lakini wapiga muziki wa upande wa Rubén wakaingia na magitaa yao makubwa, wanauliza umeme uko wapi, na mimi nikaenda kuwaonyesha.

Jumamosi alikuja. Sikuamini. Alishuka kwenye teksi amenyoa ndevu, amevaa suti yake mwenyewe ya kijivu, ile aliyoivaa siku tulipotalikiana, maana nyingine hakuwa nayo. Bernie alimwona kutoka dirishani, akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikanikata. Vern akamsindikiza binti yake juu ya majani mpaka mbele ya padri, kimya, hatua kwa hatua, akaketi. Padri hakumuuliza kitu. Wakaoana.

Chakula kikaliwa. Tamale za mama yake Rubén, soseji za Wanda, nyama ya kuchoma, keki. Watu wa sinema walikuwa na meza yao karibu na waridi, Sheldon katikati na suti yake mpya, wote wakiiba macho kumtazama Vern kama watoto wanaotazama zawadi isiyofunguliwa. Baba yake Rubén akasimama kwanza, akasema kwa Kihispania na kwa vicheko, akamtania mwanawe kwamba amezoea kuongea na ng'ombe na sasa amepata mtu wa kumjibu. Tukacheka. Halafu bustani nzima ikamgeukia Vern. Bernie alikuwa anatazama sahani yake.

Vern akasimama. Akashika glasi. Akafumba macho kidogo, akafumbua, na sauti ikatoka.

Sauti nzito, ya taratibu, yenye joto. "Marafiki zangu," ilisema, "majirani zangu wema. Siku binti huyu alipozaliwa nilikwenda nyuma ya nyumba nikapanda mti wa tufaha. Nikamwambia mke wangu, mti huu ukizaa mara ishirini, atakuja kijana kuomba ngazi, wala hatakuwa anataka matufaha."

Watu wakacheka kwa utamu. Akaendelea. Akazungumza juu ya miti na watoto, juu ya kupogoa na kuacha, na ningekuwa mgeni pale ningelia kama mama yake Rubén alivyokuwa analia, leso usoni. Mimi nilishusha pumzi. Ameongea! nikajiambia. Mungu ni mwema, mjinga huyu ameongea! Kisha nikakumbuka kwamba hatujawahi kuwa na mti wa tufaha. Nikamtazama Bernie. Alikuwa amepauka.

Akasimama na shela lake. "Acha," akasema.

Sauti ikaendelea nusu sentensi, ikakatika.

"Jamani mnisamehe," Bernie akawaambia watu. "Huyu ni Tolliver. Nampenda sana Tolliver, nilimlilia nikiwa mtoto. Lakini mimi sikumwalika Tolliver." Akamgeukia baba yake. "Baba. Nakuomba uongee wewe. Hata sentensi moja. Hata ukiisema vibaya. Sitaki iwe nzuri."

Sijawahi kuona mtu akivuliwa nguo hadharani, lakini nadhani ndivyo anavyosimama. Vern aliweka glasi chini, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Akafungua mdomo. Hakuna kitu. Taya likamkakamaa, mishipa ya shingo ikatoka, jicho moja likafumba lenyewe. Kisha kikasikika kitu kama mlango uliokwama.

"N-n-n-n..."

Akapumua. Akaanza tena.

"N-n-n-n-na..."

Kwenye meza ya waridi mtu akaguna kwa furaha. Na Sheldon, ambaye hajui kunong'ona, akanong'ona mpaka bustani nzima ikasikia: "Mungu wangu, ona anachofanya! Ona hilo taya!"

Nao wakaanza kupiga makofi. Watu wazima, wenye nyumba na watoto, walimwona mtu anazama wakasifia jinsi anavyopiga maji. Sidhani mafundi bomba wangefanya hivyo. Nadhani wangemletea maji ya kunywa.

Wanda akanibana mkono. "Wanyamazishe," akasema. "Nadine, wanyamazishe hao! Ndiye huyo! Ndiye Vern!"

"Vern gani?"

"Vern wetu! Ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Baba alikuwa anamtoa nje kwenye theluji, haingii mpaka aombe mkate bila kukwama. Siku moja akauomba kwa sauti ya mhubiri wa redioni, maneno yakateleza yote. Tangu hapo akijifanya mtu mwingine anaongea, akiwa yeye hawezi." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hukujua? Umelala na mtu miaka yote ile, wifi, hukujua?"

Sikujua. Yale yote niliyoyaita dharau, ndiyo, hapana, chumvi, yalikuwa ni maneno anayoyaweza. Mtu yule alikuwa ananipa kila alichokuwa nacho mfukoni, nami nilikuwa nimekaa namhesabu kuwa bahili. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia upya. Kisha nikasimama, kwa kuwa kulikuwa na watu walio karibu zaidi wa kukasirikiwa.

"Sheldon," nikasema, "ukipiga kofi lingine moja nakumwagia mchuzi huu kichwani, na suti yako."

Makofi yakafa. Lakini nyuso zao zilibaki palepale, zimeng'aa. Waliona nami nimepewa sehemu ya kuigiza.

Bernie hakusikia chochote cha Wanda. Hakuhitaji. Alikuwa amekulia chini ya uso ule, ameusoma kila asubuhi kutoka kwenye ngazi ili ajue anashukia kwa nani, na uso huu ulikuwa mgeni kwake. Akazunguka meza, shela likiburuta kwenye majani, akaenda kusimama mbele ya baba yake, karibu. Hakumsaidia. Hakummalizia neno. Alisimama tu, mikono chini, kama mtu aliyefika mapema na hana pengine pa kwenda.

"B-b-b-b..." akasema Vern. Akasimama. Jasho likamtoka. "B-b-b..."

Barafu ikayeyuka kwenye glasi. Mtoto mmoja wa upande wa Fresno akauliza kitu, akafunikwa mdomo. Rubén alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesali, na hapo ndipo nilipoacha kabisa kumshuku.

"B-b-b-Bernadette."

Lilitoka kama jiwe. Halikuwa na mlio wa Kentucky, wala wa padri, wala wa mtu yeyote. Lilikuwa na Buffalo ndani yake, na baridi.

Baadaye Bernie aliniambia kwamba hakuwahi kumsikia akilitamka kabla ya siku ile. Sajini alimwita askari mdogo. Tolliver alimwita ua langu. Mwizi wa benki alimwita mshirika. Kuitwa jina lake na baba yake, hapana. Na ni Vern mwenyewe aliyelichagua siku ile ya saluti, aliliandika kwenye karatasi akampa muuguzi, kwa kuwa lilikuwa jina la mama yake. Alimpa mtoto jina ambalo mwenyewe hakuweza kulisema.

"N-n-nili... nilikuwa n-n-naogopa," akasema.

"Sema tena," Bernie akamwambia.

"N-n-nini?"

"Jina langu."

Akalisema tena. Lilichukua muda uleule.

Basi ndiyo hotuba yote. Haikuwa na mti wala tufaha. Bernie akamkumbatia, magitaa yakaanza kabla hata hayajaambiwa, na Vern akaketi kando ya Wanda, wakashikana mikono kama watoto, wakala soseji.

Jumatatu alirudi jangwani, wakambandika ndevu za bandia, akamaliza ile sehemu ya darajani. Wengi wanasema Amosi ndiye kazi yake kubwa kuliko zote. Baada ya hapo hakuigiza tena, na magazeti yakaandika kwamba ukimya ulimmeza, kwamba alikwenda mahali ambapo msanii harudi, na upuuzi mwingine wa aina hiyo. Alikwenda Fresno. Alipanga nyumba ndogo mtaa mmoja na Bernie na Rubén, akawa anawatengenezea wajukuu viti. Alizungumza na muuza mbao, na jirani, na mbwa wagonjwa wa Rubén, kwa kukwama vilevile, wala hakupona, kama kuna anayedhani hii ni hadithi ya kupona. Wajukuu walidhani babu wote huongea hivyo.

Mimi nilimuuliza mara moja tu, tukiwa barazani kwake. "Vern, kwa nini hukuniambia?"

Akafikiri sana. "U-u-ungekubali n-nikuoe?"

"Sijui," nikasema. "Ungeniuliza tungejua." Akacheka, na kicheko chake hakikuwa na kigugumizi hata kidogo. Ugonjwa wa mapafu ukamchukua miaka michache baadaye, Bernie akiwa ameketi kitandani kwake akimsikiliza.

Sasa mwaka huu, majira ya kuchipua, shule moja ya uigizaji hapa Los Angeles ikaupa ukumbi wake jina la Vern Pascoe. Tukaalikwa mimi na Bernie, viti vya mbele. Huko wanafundisha vijana njia yake. Wanawakataza kuitikia majina yao, na kijana aliyetuonyesha viti alikataa katakata kuniambia anaitwa nani, maana wiki ile alikuwa mchimba makaburi. Nilimwambia pole.

Sheldon akapanda jukwaani na fimbo yake, mzee sasa. Akasema kazi kuu ya Vern Pascoe haikunaswa na kamera yoyote. Akasema ilifanyika bustanini, kwenye harusi, mtu aliyenyamaza miezi minne alipojitungia papo hapo baba mwenye kigugumizi, akaitikisa nafsi ya kila aliyekuwepo. Akasema shule imeifanya kuwa zoezi, kila mwanafunzi lazima aipitie. Kisha akamwita kijana mmoja aionyeshe.

Kijana akaweka kiti mbele yake, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Alikuwa hodari, siwezi kumnyima. Taya, mishipa ya shingo, jicho. "B-b-b-Bernadette," akasema, na sauti ikapasuka pale pazuri pa kupasukia. "Nilikuwa n-naogopa." Ukumbi mzima ukasimama, makofi kama mvua ya mawe. Sheldon alikuwa analia.

Nikachukua mkoba wangu. Nilikuwa nimeshapanga ngazi za kupandia jukwaani na neno la kuanzia, na neno hilo halikuwa la kanisani. Bernie akanivuta sketi.

"Kaa, Mama."

"Nikae? Wanamfanya baba yako kichekesho! Walikuwepo pale, Bernie. Walimtazama kwa macho yao, na mpaka leo hawajui walichokiona! Niache niwaambie!"

"Asiyejua maana haambiwi maana," akasema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamtazama yule kijana anayeinama na kuinama mbele ya makofi, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta.

"Amemaliza upesi mno," akasema. "Baba alichukua muda."